Shangazi wa Taa: Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Jembe

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni msimamizi wa taa katika ukumbi wa maigizo wenye viti 300 hivi. Tuna muvinghedi (taa zenye kichwa kinachogeuka chenyewe kwa mota) nane za zamani, za globu za gesi, na tatu kati yake sasa kazi yake ni kutolewa vipuri tu. Muuzaji ametuletea muvinghedi moja mpya ya LED tuijaribu kwa siku tatu. Alipoiwasha jukwaani watu walipiga makofi: ilizunguka, ikabadili rangi, ikatapanya maua ukuta mzima, muziki ukipigwa kwa kishindo. Kamati inataka tununue 12, na mimi ndiye niliyeambiwa niandike ripoti. Sina vyombo vya maabara. Nina meza ya kuongozea taa, ngazi, futikamba, kipima mwanga kidogo cha mkononi na simu yangu. Nianzie wapi? Naogopa kusema ndiyo, na naogopa zaidi kusema hapana.*
*— Msimamizi Mwenye Wasiwasi*

Marahaba, mwanangu. Mashangazi wenzangu huandikiwa barua za wachumba, mimi naletewa za taa, na sioni tofauti kubwa. Kaja mgeni, kavaa vizuri, kaongea vizuri, ukumbi mzima umempenda, na sasa unaulizwa wewe kama anafaa kuingia nyumbani.

Yale maonyesho ya muuzaji yafute kichwani. Hayakuwa uongo, ila hayakukuambia kitu. Muvinghedi yoyote iliyotoka kiwandani juzi itazunguka kwa kasi na kutapanya maua. Na muziki ukiwa wa kishindo, taa ikikosea shabaha kwa nusu mita nani atajua? Wewe una ukumbi wa maigizo. Kwako taa itaulizwa mbalamwezi inayotambaa sakafuni kwa dakika nne huku mtu mmoja ananong'ona. Basi katika siku zako tatu, itazame ikifanya yale ambayo muuzaji hakuyafanya: ikienda polepole, ikiwaka kidogo, na ikiwa imeshapata joto.

Nasema hivi kwa sababu niliumia. Miaka mingi nyuma niliidhinisha taa sita baada ya kuzitazama kwa dakika kumi na kunywa maneno ya muuzaji kwa dakika arobaini. Usiku wa kwanza wa mchezo, mzee anakata roho kitandani, mwanga unatakiwa umfifilie taratibu. Ulishuka vizuri hadi karibu na mwisho, kisha ukaanza kushuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani, hatua, hatua, hatua, halafu ukakatika ghafla. Na katika ukimya ule tukazisikia feni sita zikivuma juu ya maiti. Mtu wa safu ya mbele akacheka. Mwigizaji wangu hakunisemesha wiki nzima, na haki alikuwa nayo.

Kwa hiyo anza na joto. Itundike taa mahali itakapofanyia kazi kweli, si mezani. Pembeni yake itundike mojawapo ya zile zako nzima, yenye globu ambayo bado haijachoka, maana bila ya kulinganisha macho hudanganyika kirahisi sana. Iwashe mpya kwa asilimia 100, mwanga mweupe, bila gobo (kile kibati au kioo kinachochora umbo ndani ya mwanga) wala rangi, na zumu, yaani upana wa duara, uiandike kwenye daftari ili kesho uirudie ileile. Pima katikati ya duara dakika ya kwanza. Pima tena dakika ya 15, ya 30, ya 60. Namba itashuka. Usishtuke, LED zote hupoteza mwanga kadiri zinavyopata joto. Unachotafuta ni inashuka kiasi gani na inatulia wapi. Ikitulia ndani ya nusu saa, vizuri. Ikishuka kwa mkupuo baada ya saa nzima, hapo taa imeanza kujiokoa na joto, na mchezo wako wa saa mbili utaishia na mwanga usio ule ulioupanga kwenye mazoezi. Kwenye ripoti andika namba ya dakika ya 60. Ile ya kwanza mwachie muuzaji.

Na ukifungua katalogi yake, angalia namba imepimwa wapi. Tuseme wameandika luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 24,000 kwa mita 5. Umbali kutoka kwenye trasi yako, ile fremu inayobeba taa, hadi jukwaani tuseme ni mita 12. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, hivyo chukua 24,000, zidisha kwa 25, gawanya kwa 144. Unabaki na luksi 4,170 hivi. Hapo wengi hukaa chini kimya kidogo. Tena namba ile ya katalogi mara nyingi ni ya katikati kabisa ya duara, zumu ikiwa imebanwa hadi mwisho. Pembe ya mwanga wanayoiandika kwa kawaida hupimwa pale mwanga unapofikia asilimia 50 ya ule wa katikati, na pembe ya uwanja pale unapofikia asilimia 10. Ukiwa na kipima mwanga chako, pima katikati, kisha nusu ya njia, kisha karibu na ukingo. Taa ikiwa na jicho kali katikati na pembeni pamefifia, katalogi yake itapendeza sana, lakini gobo la majani ya mti litatoka kama majani yaliyoshika moto katikati.

Sasa feni. Hapa kuna ujanja ambao si uongo lakini una kona. Taa nyingi za siku hizi zina namna kadhaa za kuendesha feni: ya kawaida, ya ukimya, pengine na ya studio. Ukichagua ya ukimya, taa hupunguza mwanga ili isichemke. Katalogi inaweza kukupa desibeli za namna ya ukimya na luksi za namna ya kawaida, ukurasa mmoja, mistari miwili, kana kwamba ni taa moja kwa wakati mmoja. Chagua namna utakayoitumia kwenye maigizo, kisha pima mwanga *na* usikilize feni katika namna hiyohiyo. Ikibidi, rudia lile zoezi la saa nzima. Ni saa moja tu, lete kitabu.

Unaniambia huna vyombo. Masikio unayo. Subiri usiku, zima viyoyozi, mpe mtu karatasi asome kwa kunong'ona jukwaani. Lakini kumbuka mbele yako ipo taa moja, na utanunua 12. Taa 12 zinazovuma sawasawa zinaongeza karibu desibeli 11 juu ya sauti ya moja. Kuna njia ya kulisikia hilo bila ya kuwa nazo: ukisogea karibu na chanzo cha sauti kwa nusu ya umbali, sauti hupanda desibeli 6 hivi. Kwa hiyo kama mtazamaji wa karibu atakaa mita 8 kutoka kwenye taa, wewe panda ngazi ukae mita 2 na kidogo kutoka kwenye hiyo moja, usikilize mnong'ono kutoka hapo. Si hesabu ya maabara, maana kuta za ukumbi hurudisha sauti na taa hazitakuwa zote mahali pamoja. Ila kama hapo ulipo husikii mnong'ono hata kidogo, umeshapata aya ya kwanza ya ripoti yako. Ukiwa bado ngazini, sogeza zumu, badili gobo, zungusha prizimu, moja moja. Feni huzoeleka. Kitu kinachokera ni ule mkwaruzo wa zumu unaoanza pale tu mwigizaji aliponyamaza. Na ishushe taa hadi asilimia 5 usikilize tena, kwani zipo zinazopiga mluzi mwembamba zikiwaka kidogo.

Siku ya pili ni ya polepole, na hii ndiyo siku ninayoipenda.

Kwenye meza yako panga mwanga ushuke kutoka asilimia 10 hadi sifuri kwa dakika moja. Kaa gizani. Usiangalie taa, angalia ukuta. Dima, ile sehemu inayopandisha na kushusha mwanga, ikiwa ya biti 8 ina hatua 256 kwa jumla, kwa hiyo katika asilimia 10 za mwisho inazo hatua 25 hivi tu, na kwa dakika nzima kila hatua itakaa zaidi ya sekunde mbili. Jicho lililozoea giza litaziona zote, moja baada ya nyingine. Taa nzuri hutumia biti 16 kwa dima, au hulainisha hatua zenyewe ndani kwa ndani. Hata hivyo biti si kila kitu. Nimeona taa za biti 16 zilizoshuka kama hariri hadi asilimia moja kisha, paa, zikazimika kama aliyepigwa kofi. Jaribu na kuiwasha pia, kutoka sifuri kwenda juu, kwa sababu zipo zinazoshuka vizuri na kupanda vibaya. Ndani ya menyu yake kuna mikunjo kadhaa ya dima, yaani namna za kupanda na kushuka kwa mwanga, zijaribu zote kabla ya kuihukumu. Wakati inashuka, tazama na rangi: nyeupe ile ibaki nyeupe, isigeuke kijani njiani.

Toa simu yako, weka video ya mwendo wa pole, piga picha duara la mwanga kwenye asilimia 100, 50 na 10. LED nyingi hufifishwa kwa kuwashwa na kuzimwa haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata, lakini kamera hufuata. Ukiona mistari inapita au mwanga unapepesa, tafuta kwenye menyu mahali pa kubadili masafa ya kuwaka. Kama hapapo, na ukumbi wako hurekodiwa, hilo ni tatizo. Kama hakuna kamera itakayoingia humo kamwe, litaje kwa mstari mmoja uendelee.

Mwendo je? Muvinghedi nyingi huzunguka nyuzi 540. Zikiendeshwa kwa biti 8, kila hatua ni nyuzi 2.1, na kwa mita 12 hiyo ni sentimita 44 ukutani. Mbalamwezi gani inaruka sentimita 44? Kwa biti 16 hatua zinakuwa 65,536 na kila moja haifiki milimita 2 kwa umbali huohuo. Kwa hiyo hakikisha kwanza umechagua namna yenye biti 16, usije ukamlaumu mgeni kwa kosa lako. Kisha weka gobo lenye mistari mikali, lifanyie fokasi, na uliamuru litembee mshazari, kutoka kona ya chini kushoto hadi ya juu kulia, kwa dakika nne. Kwa nini mshazari? Kwa sababu hapo mota zote mbili zinafanya kazi, na mota ya hatua ikikwama kidogo kabla ya kusogea, mstari ulionyooka unageuka ngazi. Tazama ukingo wa gobo, na usikubali mtu akusemeshe.

Halafu bandika tepu ya karatasi ukutani kwa umbo la msalaba, elekeza katikati ya gobo hapo, hifadhi kama kyuu, mpangilio ambao meza itaukumbuka. Ipeleke taa mbali upande wa kulia, irudishe. Mbali kushoto, irudishe. Juu, chini, kwa kasi, kwa pole. Kila ikirudi weka alama ya kalamu. Muvinghedi nyingi hurudi vizuri zikitoka upande uleule na hukosea zikitoka upande mwingine, kwa sababu mikanda ya ndani ina ulegevu kidogo. Alama zako zikijaa ndani ya duara la sarafu kwa mita 12, shukuru. Zikijaza sahani, si taa ya kumulika uso wa mtu. Mwisho wa zoezi hili, taa ikiwa imetulia, isukume kichwa chake kidogo kwa mkono, taratibu tu, kama unavyoamsha mtoto. Inatakiwa ijue imesukumwa na irudi yenyewe. Isiporudi, basi siku kipande cha pazia kikiigusa katikati ya mchezo itaendelea kumulika ukuta hadi mwisho.

Kuhusu rangi nina maneno mengi na nafasi ndogo. Namba ya CRI wanayoandika, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi za vitu kwa uaminifu, ni wastani wa sampuli nane za rangi zilizofifia. Nyekundu iliyokolea, ile wanayoiita R9, haimo kwenye wastani huo. Ndiyo maana taa inaweza kujisifu kwa CRI nzuri na bado ikaifanya ngozi ya mtu ionekane kama ya mgonjwa. Mashine nyingi za LED nyeupe hupata weupe wake kutokana na LED ya buluu iliyopakwa fosfori, na wekundu mkolezo ndio unaokosekana kwanza. Ukichuja nyekundu kutoka kwenye mwanga usio na nyekundu ya kutosha unapata kahawia. Kwa hiyo tafuta kitambaa chekundu kutoka kwenye stoo ya mavazi na watu watatu wenye ngozi tofauti. Wasimamishe nusu kwenye mwanga wa taa mpya, nusu kwenye mwanga wa taa ya halojeni, kisha uwapige picha na uwatazame kwa macho. Usiwaulize wao, kila mtu hujiona mzuri. Taa nyingi zilizotengenezwa ili zing'ae sana zina CRI ya 70 hivi, na kwa miali inayokata moshi angani hilo halina shida hata kidogo. Kwa uso wa mwigizaji lina shida. Baadhi huja na kichujio cha kuongeza CRI. Kijaribu, lakini upime luksi tena kikiwa ndani, uone kinakula mwanga kiasi gani.

Siku ya tatu mpe jembe. Panga mzunguko unaogusa kila kitu, zumu, fokasi, prizimu, magobo, rangi, shata, mwendo, ukiacha uende saa nane. Nenda kafanye kazi zako. Ukirudi, kabla ya kuigusa, itume kwenye ule msalaba wa tepu. Imehama? Gobo bado limekaa wima au limelala upande? Andika. Kisha ikate umeme katikati ya mwendo na uurudishe, ukihesabu sekunde hadi iwe tayari. Hapa LED itazishinda zile zako za zamani waziwazi, maana globu nyingi za gesi zikizimika zikiwa moto zinakataa kuwaka hadi zipoe, na unajua mwenyewe dakika zile zilivyo ndefu. Chomoa na kebo ya DMX pia, ile inayoleta amri kutoka kwenye meza: inabaki pale ilipo au inazimika? Yote mawili ni sawa, ila uwe umechagua wewe.

Baada ya hapo mwombe muuzaji ruhusa ufungue jalada. Akikataa, liandike hilo nalo. Hesabu skrubu. Angalia kama gobo linatoka kwa vidole au linahitaji bisibisi tatu, kama mkanda wa mota unaweza kubadilishwa bila ya kushusha kichwa kizima, kama vichujio vya feni vinatoka kwa urahisi. Muulize injini ya LED ikifa inauzwa peke yake au ni lazima kichwa kizima kirudi kiwandani. Wakikuambia LED itaishi saa maelfu kadhaa, uliza ni saa hizo hadi nini. Kipimo cha L70 maana yake ni saa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 70, si hadi taa ife. Ukumbi wenye taa 12, nane zikiwa na asilimia 72 na nne mpya zikiwa na 100, una kazi ya kusawazisha kila usiku.

Uzito na umeme nitavipitia haraka, si kwa sababu ni vidogo, bali kwa sababu hapo hakuna cha kupendelea: kuna namba tu. Zidisha kilo za taa moja kwa 12, ongeza klampu na kebo, na umpe namba hiyo mtu aliyethibitishwa kusoma jedwali la uzito wa trasi yako. Kila taa na waya wake wa usalama. Soma mkondo wa umeme kwenye kibandiko chake, na usiziwashe zote 12 kwa swichi moja, kwani ule mvuto wa mwanzo unaweza kurusha breka hata kama kazi yenyewe haizidi.

Chaneli ndizo zinazowatega wengi. Mstari mmoja wa DMX, kama ulivyowekwa mwaka 1986, una chaneli 512, basi. Taa yako ikitumia chaneli 42, zote 12 zinakula 504 na zinaenea. Ikitumia 43, zinafika 516, na kwa chaneli nne tu unahitaji mstari wa pili. Angalia pia kama meza yako ina faili ya taa hiyo, ama ya mtengenezaji wa meza au ya GDTF (muundo wa wazi wa faili za taa), na kama faili hiyo inalingana na toleo la programu lililo ndani ya taa. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima nikidhani prizimu imekufa, kumbe faili ilikuwa ya toleo la zamani na prizimu ilikuwa chaneli ya jirani.

Jambo la mwisho, mwombe muuzaji taa ya pili, na isiwe ya kasha lilelile. Mwaka 1980 bendi ya Genesis ilionyeshwa mfano mmoja tu wa taa ya kugeuka yenyewe, ghalani huko Uingereza, ikaweka fedha zake, na mwaka uliofuata ikapanda jukwaani na taa za Vari-Lite. Lakini taa zile zilikuwa za kukodishwa, haziuzwi, kwa hiyo mwenye taa alibaki na shida za taa. Wewe unanunua, na shida zitahamia kwako pamoja na risiti. Taa mbili ukizielekeza ukutani ubavu kwa ubavu, zote nyeupe asilimia 30, utaona katika sekunde moja kama kiwanda kinazipanga LED zake kwa rangi au kinazimwaga tu.

Kwenye ripoti usiandike "nzuri" wala "mbaya". Andika safu mbili, taa mpya na ya zamani, namba kwa namba, na chini yake orodha ya mambo ambayo muuzaji lazima ayajibu kwa maandishi kabla ya kamati kutia saini. Hapo utakuwa hujasema ndiyo wala hapana.

*Shangazi, shikamoo. Tuliziacha muvinghedi zetu mpya kwenye jukwaa la nje usiku, tukazima umeme, tukaenda kulala. Hakukunyesha. Kesho yake jioni mbili zina doa jeusi ndani na rangi moja imeyeyuka. Muuzaji anasema si kosa la kiwanda. Tungenunua za IP65 haya yangetukuta?*
*— Tuliolala*

Marahaba, poleni sana. Yangewakuta vilevile. Katika IP65, 6 ni kuzuia vumbi lisiingie kabisa, na 5 ni kuhimili maji yanayopigwa kwa bomba. Jua haliandikwi hapo. Lililowaingilia ni jua kupitia lenzi: taa ilizimwa ikiwa imetazama juu, na lenzi ile inayosambaza mwanga kwenda nje hukusanya mwanga wa jua kwenda ndani, hadi nukta moja, kama kioo cha kukuza kinavyochoma karatasi. Muuzaji, kwa mara hii, anasema kweli. Kabla ya kukata umeme, tumeni vichwa vyote vitazame chini, hakikisheni havisogei vyenyewe, na vifunikeni. Kama mnafikiria IP65 kwa ajili ya mvua, ni sawa, lakini kwa kawaida ni nzito zaidi kuliko mwenzake wa ndani, na kwa kuwa imefungwa pande zote ile saa moja ya kuipima ikiwa na joto ndiyo muhimu kuliko kwa taa nyingine yoyote.

*Shangazi, habari za kazi. Tumepata muvinghedi nne za kujaribu. Tatu zinatii, ya nne, iliyo mwisho wa mstari, inatetemeka na kupepesa yenyewe hata meza ikiwa imetulia. Fundi mwenzangu anasema zirudishwe zote, kiwanda hiki hakifai. Mimi sina hakika.*
*— Wa Nne*

Nzuri, mwanangu, na mashaka yako yana akili. Usimrudishe mgeni kwa sababu mlango wako unapiga kelele. Hamisha hiyo ya nne uiweke ya kwanza, na ya kwanza uipeleke mwisho. Usibadili kebo wala kitu kingine, anwani tu, yaani namba ya chaneli ambayo kila taa huanzia. Kama kutetemeka kumebaki mwisho wa mstari, ugonjwa ni wa kebo. Hapo angalia kama mwisho wa mstari una kizibo chenye ukinzani wa omu 120. Bila hicho ishara hufika mwisho, ikagonga, ikarudi nyuma na kugombana na inayokuja. Angalia pia kama kuna mtu aliyechomeka kebo ya maikrofoni kwa sababu plagi zinafanana. Kwa mita tatu itakuvumilia, kwa mita 40 haitakuvumilia. Na kama mmeugawa mstari kwa kiunganishi cha Y, kitoeni kabla hata ya kuendelea kusoma.

Lakini kutetemeka kukihama pamoja na taa, fungua kitako chake uangalie soketi za DMX kama zimekaa imara, kwa sababu safari humlegeza mgeni yeyote. Ziwekeni kwa mpangilio huo mpya usiku mmoja, kisha niandikie ni ipi iliyoendelea kucheza.